Mfinyanzi Aliyejibu kwa Wimbo

Soma 1 Samweli 1:6–18, 2:1–10.

Msichana aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, aliitwa Mtumwa, na jina hilo lilieleza hali ya wazazi wake. Hakupata elimu ya shule. Alifinyanga vyungu, akavitembeza mjini kwa miguu huku akivinadi, na watu waliijua sauti yake kabla ya kumjua mwenyewe. Mnamo 1911 alihamia mjini. Ali Muhsin alimfundisha kuimba, naye akaja kuitwa Siti binti Saad. Siti ni mwanamke wa heshima.

Heshima hiyo iliwachoma wengine. Walimtungia wimbo wa kejeli, wakamkumbusha ushamba na umaskini wake, kana kwamba nje ya koo lake hakuwa mtu. Maneno hayo yaliuma zaidi kwa sababu sehemu yake ilikuwa kweli: alitoka shamba, na alikuwa maskini. Siti alijibu kwa wimbo wake mwenyewe. Hakudai sura nzuri wala ukoo mkubwa; aliyepungukiwa, kwa maoni yake, ni mtu asiye na busara.

Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Aliimba pia uchungu wa wengine, hata wa mwanamke aliyeuawa na muuaji akatoroka. Alifariki mwaka 1950.

Hana naye alichokozwa mpaka akalia asile chakula. Wimbo wake ulikuja baadaye. Jadilini darasani: ni nini kilichotokea kati ya machozi yale na wimbo ule?