Hilde Mangold: Bibi Aliyemfuma Mnyapara wa Chembe

Katika mwaka wa 1935 zawadi ya Nobel ya elimu ya tiba ilikwenda kwa Profesa Hans Spemann wa Chuo Kikuu cha Freiburg, huko Ujerumani. Alistahili, wala hakuna abishaye. Lakini mikono iliyofanya kazi ile iliyompa sifa kubwa kuliko zote haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanafunzi wake mmoja wa kike, na wakati huo bibi huyo alikuwa kaburini mwaka wa kumi na moja.

Jina lake alipozaliwa ni Hilde Proescholdt. Alizaliwa katika mji wa Gotha tarehe 20 Oktoba, 1898, na baba yake alikuwa na kiwanda cha sabuni. Siku hizo wasichana waliofika chuo kikuu walikuwa wa kuhesabika. Hilde alianza masomo yake Jena, kisha akahamia Frankfurt, na huko ndiko alikomsikia Spemann akitoa mhadhara. Basi akafunga safari, akaenda Freiburg mwaka wa 1920 kujifunza kwake.

Kazi ya kwanza aliyopewa ilimshinda. Profesa alimtaka amgeuze mdudu mdogo wa majini aitwaye haidra, ndani iwe nje na nje iwe ndani, kama mtu ageuzavyo soksi. Mdudu hakukubali. Spemann akampa kazi nyingine, na hiyo ndiyo iliyobadili elimu ya viumbe.

Swali lilikuwa hili. Kila mnyama huanza kama chembe moja tu. Chembe hiyo hugawanyika mara nyingi, na kila mtoto wake hurithi jeni zile zile. Sasa, nani anayeiambia hii iwe ngozi, na ile iwe ubongo?

Hilde alitumia mayai ya viumbe wanaofanana na mijusi, lakini ni jamaa za chura, nao huishi majini na nchi kavu. Alichukua ya aina mbili, moja ya rangi nyeupe na nyingine yenye weusi. Kwa vifaa vya kioo vyembamba kama unywele alikata kipande kidogo mno kutoka kiinitete cheupe, mahali penye kama mdomo ambapo chembe huanza kuzama ndani, akakipandikiza kwenye tumbo la kiinitete cheusi. Dawa za kuua viini hazikuwapo, na viinitete vingi vilikufa. Vilivyopona vilikuwa vichache tu. Mtu mwenye subira haba angeliacha zamani.

Katika hivyo vichache, tumboni palijitokeza kiumbe cha pili, pacha aliyeungana na mwenziwe, mwenye uti wa mgongo na chanzo cha ubongo. Na hapa ndipo rangi zilipofanya kazi. Hilde alipokata vipande vyembamba na kutazama kwa darubini, aliona kwamba mfumo wa fahamu wa yule pacha ulijengwa hasa na chembe nyeusi za mwenyeji, chembe ambazo zingelikuwa ngozi ya tumbo. Kipande cha mgeni kilikuwa kimeziongoza chembe za jirani, mfano wa mnyapara afikaye shambani na kuwapangia watu kazi. Spemann alikiita msimamizi.

Makala yao yalitoka mwaka wa 1924, na profesa aliagiza jina lake litangulie. Wanafunzi wengine wa maabara ile hawakutendewa hivyo, nasi hatuoni sababu ya yeye kutendewa.

Hilde alikuwa ameolewa na Otto Mangold, msaidizi wa Spemann, mwaka wa 1921, wakapata mtoto wa kiume. Mwaka ule ule wa 1924 jiko lililipuka jikoni, akaungua vibaya, na tarehe 4 Septemba akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 25. Mwanawe naye alikuja kufa katika Vita Vikuu vya Pili.

Wataalamu walianza kumtafuta mnyapara huyo ni kitu gani hasa. Mwaka wa 1932 walistaajabu kuona kwamba hata kipande kilichokufa kiliweza kuziamsha chembe. Kwa hiyo ilikuwa dawa fulani, si uhai. Lakini dawa gani? Vitu vingi visivyohusiana kabisa vilitoa matokeo kama hayo, na wengi wakakata tamaa.

Jibu lilikuja miaka ya 1990, kutoka kwa wachunguzi wa chura. Protini mbili, nogini na kodini, hutoka katika kile kipande. La ajabu ni kwamba hazitoi amri yoyote. Nje ya chembe huzunguka protini nyingine, ambayo ikishika mlango wa chembe huziwasha jeni za ngozi. Nogini na kodini huikamata njiani. Chembe isiyopata habari hiyo huelekea kuwa ya ubongo. Mnyapara kumbe kazi yake ni kuwanyamazisha wengine!

Je, na sisi wanyama wanyonyeshao? Mwaka wa 1994 Bi. Rosa Beddington alipandikiza fundo dogo la kiinitete cha panya katika kiinitete kingine, akapata mgongo wa pili. Mwaka wa 2000 ikaonekana kwamba panya wasio na jeni za nogini na kodini hukosa sehemu ya mbele ya ubongo. Na mwaka wa 2018, huko New York, chembe za binadamu zilizokuzwa maabarani ziliwekwa katika kiinitete cha kuku, zikawaongoza majirani zao kama kile kipande cha Freiburg.

Vitabu vya zamani vilikiita kipande hicho kwa jina la Spemann peke yake. Siku hizi wengi huandika Spemann na Mangold.