Billy Liddell, Winga Aliyetunza Vitabu vya Hesabu

Vijana wetu wanaoshangilia timu ya Liverpool, ni wachache wanaolijua jina la Billy Liddell. Yafaa walijue.

Alizaliwa tarehe 10 Januari 1922 katika kijiji cha Townhill, karibu na Dunfermline, Scotland. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe, naye alikuwa kifungua mimba wa watoto sita. Matt Busby, wakati huo mchezaji wa Liverpool, ndiye aliyewapasha wakubwa wa klabu habari za kijana huyo. Wazazi hawakumtoa hivi hivi. Waliweka sharti kwamba mtoto aendelee na masomo ya uhasibu. Klabu ikakubali, na mwaka 1939 akatia sahihi kwa pauni 3 kwa juma. Sisi tuliozeeka na chaki mkononi tunawapa heko wazazi hao kabla ya klabu.

Miezi michache baadaye vita vikazuka na ligi ikasimamishwa. Liddell aliingia Jeshi la Anga, akawa mwongoza njia katika ndege za vita. Akipata ruhusa alicheza. Aprili 1942, huko Hampden Park, Glasgow, aliichezea Scotland dhidi ya England kwa mara ya kwanza. Scotland wakashinda 5 kwa 4, naye akafunga bao. Katika timu hiyo alikuwamo Bill Shankly, ambaye tutakutana naye tena. Lakini mechi za wakati wa vita hazikuingizwa katika hesabu rasmi. Ligi ilipoanza upya mwaka 1946 alikuwa na miaka 24, hana hata mechi moja ya ligi. Ile miaka ambayo winga huwa na mbio kuliko zote, vita vilikuwa vimekwisha kuila.

Liverpool walitwaa ubingwa msimu huo wa kwanza. Baada ya hapo mambo yakawa magumu. Mwaka 1950 walishindwa na Arsenal 2 kwa 0 katika fainali ya Kombe la FA. Mwaka 1954 wakateremka daraja la pili. Mtu wa kipawa chake angetafuta klabu nyingine, wala asingelaumiwa. Yeye alibaki, akifunga mabao mengi hata watu wakaiita timu Liddellpool.

Februari 1956 walirudiana na Manchester City katika Kombe, wakawa nyuma 2 kwa 1. Mwisho kabisa Liddell akachukua mpira, akakimbia nao, akapiga ukaingia wavuni. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Kumbe refa Mervyn Griffiths alikuwa amekwisha kupuliza kipyenga cha mwisho, na kwa kelele zile wengi hawakukisikia. Bao halikuhesabiwa. Liddell hakugombana na mtu. City ndio waliolichukua Kombe mwaka huo.

Siku za kazi alikuwa ofisini akipiga hesabu za watu, na mazoezi akayafanya kwa nafasi aliyopata. Hakuvuta sigara wala kunywa pombe. Alifundisha shule ya Jumapili, akasaidia vilabu vya vijana, na mwaka 1958 akafanywa hakimu wa kujitolea.

Desemba 1959 Shankly alikuja kuwa meneja. Liddell alikuwa anakaribia miaka 38, miguu imechoka, na nafasi wakapewa vijana. Aliacha mpira mwaka 1961, baada ya mechi 534 na mabao 228. Mwaka huohuo sheria iliyomzuia mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa juma ilifutwa. Mwaka uliofuata Liverpool wakapanda daraja.

Kuhusu fedha hizo zilizompita, tunaona hakuwa na sababu ya kuhangaika, maana kazi yake ya hesabu ilikuwapo. Alikuwa bursa msaidizi katika Chuo Kikuu cha Liverpool. Alifariki tarehe 3 Julai 2001, akiwa na miaka 79.