Tilman: Mkulima wa Sotik aliyepanda milima yetu mitatu kisha akavuka bara kwa baiskeli

WAFANYABIASHARA wanaopita Holili na Taveta, au Tarakea na Loitokitok, huuona Mlima Kilimanjaro alfajiri kabla mawingu hayajaufunika. Wanaovuka Mpondwe kuingia Kasindi hupita chini ya milima ya Rwenzori. Malori yanayokwenda Moyale hupita pembeni mwa Mlima Kenya. Kwa wengi wao milima hiyo ni alama ya njia tu: ukiiona, unajua mpaka umekaribia au nyumbani si mbali.

Takriban miaka 95 iliyopita alikuwapo mkulima mmoja wa kahawa ambaye kila alipopata nafasi shambani aliifuata milima hiyo kwa miguu. Katika muda usiofika miaka miwili, yeye na rafiki yake walipanda yote mitatu: Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori. Hawakuwa na kampuni iliyowalipia wala msafara mkubwa. Walikuwa na kamba, mashoka ya barafu, chakula kidogo, wapagazi wachache na uhuru wa kupita mipaka ambao siku hizo Waafrika wengi hawakuwa nao.

Jina lake ni Harold William Tilman. Rafiki zake walimwita Bill.

Mtoto wa muuza sukari

Tilman alizaliwa Februari 14, 1898, Wallasey, Uingereza, ng'ambo ya mto kutoka mji wa bandari wa Liverpool. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sukari aliyefanikiwa, na kijana huyo alikulia katika nyumba ambako habari za bei, meli na mizigo zilikuwa mazungumzo ya kila siku.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilimkuta angali mwanafunzi. Alijiunga na chuo cha kijeshi cha Woolwich, akawa ofisa wa mizinga na kupelekwa Ufaransa. Alijeruhiwa na alitunukiwa nishani ya Military Cross mara mbili. Alipotoka vitani alikuwa na umri wa miaka 20 tu, na wengi aliosoma nao walikuwa wamekufa.

Mwaka 1919 Serikali ya Uingereza ilikuwa ikigawa mashamba nchini Kenya kwa wanajeshi wake waliorudi vitani, kwa njia ya bahati nasibu. Tilman alipata maili moja ya mraba, yaani ekari 640, katika eneo la Kericho. Ardhi hiyo haikuwa mali ya waliokuwa wakiigawa. Wakipsigis walikuwa wakiishi na kulisha mifugo yao katika nchi hiyo, na kadiri walowezi walivyoongezeka ndivyo wenyeji walivyosukumwa pembeni na wengi kugeuzwa vibarua. Habari ya Tilman Afrika Mashariki inaanzia hapo, na haiwezi kusimuliwa kwa haki bila kulitaja hilo.

Bei ilipoanguka

Zao lake la kwanza lilikuwa kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo. Wakati wa vita bei ya kitani ilikuwa imepanda sana kwa sababu mashamba ya Urusi na Ubelgiji yalikuwa yamekatika na soko. Walowezi wengi Kenya waliingia mbio katika zao hilo. Mzigo wao ulipofika sokoni, bei ilikuwa imeporomoka. Wengi walifilisika. Tilman aling'oa mawazo ya kitani na kupanda kahawa, zao linalomtaka mkulima asubiri miaka mitatu au minne kabla ya kuvuna chochote.

Kwa miaka 10 alifyeka msitu, alijenga, alisimamia mashine na kuhesabu fedha. Baadaye alihamia shamba jingine upande wa Sotik akiwa na mbia. Alikuwa mtu mkimya, asiye na mke, asiyependa sherehe. Milima alikuwa akiiona kwa mbali tu.

Mwaka 1929 kulikuja habari iliyombadilisha. Januari mwaka huo kijana wa miaka 21, Eric Shipton, na mwenzake Percy Wyn-Harris walifika kilele cha Batian katika Mlima Kenya, mahali ambapo hakuna aliyejulikana kufika tangu Halford Mackinder na waongozaji wake wawili mwaka 1899. Pia walikuwa wa kwanza kukanyaga Nelion, kilele cha pili. Shipton naye alikuwa katika mashamba ya kahawa. Tilman alimwandikia barua kuomba ushauri wa upandaji milima. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 31 na hakuwa amewahi kufunga kamba kiunoni kwenye barafu.

Barua hiyo ndiyo iliyoanzisha ushirika uliokuja kujulikana duniani kote.

Safari za kiangazi

Mapema mwaka 1930 wawili hao walikwenda Tanganyika na kupanda Kilimanjaro, upande wa Kibo wenye theluji na pia Mawenzi wenye miamba mikali. Kwa Tilman hilo lilikuwa darasa la kwanza. Shipton, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka tisa, ndiye aliyekuwa mwalimu.

Julai na Agosti mwaka huohuo walielekea Mlima Kenya. Mlima huo una tabia yake: ukiwa karibu na ikweta, upande wa kusini huwa mkavu kuanzia Desemba hadi Machi, na upande wa kaskazini kuanzia Juni hadi Oktoba. Ndiyo maana waliuchagua ukingo wa magharibi wakati huo. Hakuna aliyewahi kuupita. Waliondoka kambini gizani, wakakwea mwamba na barafu siku nzima, wakafika Batian yenye urefu wa mita 5,199 jioni ikikaribia, kisha wakavuka hadi Nelion na kuteremka upande wa pili kwa mbalamwezi. Njiani Tilman aliangusha shoka lake la barafu na halikuonekana tena. Shipton aliugua tumbo baada ya kula chakula cha kopo na alitapika huku akining'inia kwenye kamba. Waliendelea kushuka hadi wakafika salama.

Hawakutosheka. Katika siku zilizofuata walipanda vilele vidogo vya jirani, safari za kwenda na kurudi siku moja. Kwenye kilele kidogo kiitwacho Midget, wakati wa kuteremka, theluji ilianza kuanguka na mawe yakawa yanateleza. Tilman aliteleza, akagonga kichwa na kuzimia. Shipton aliishika kamba hadi mwenzake akapata mahali pa kutulia. Tilman alipozinduka hakukumbuka alikuwa wapi wala nini kimetokea, na ilibidi ateremshwe kwa uangalifu hatua kwa hatua. Kilele hicho si kirefu kama Batian, lakini nusura kimuue.

Januari 1932 walisafiri kwa gari hadi Fort Portal, Uganda, kwenda Rwenzori. Huko tatizo halikuwa mwinuko peke yake bali matope, mvua na ukungu. Wapagazi wa Kikonjo, wenyeji wa milima hiyo, walibeba mizigo kupitia misitu na mabonde yenye majimaji ambayo mgeni angepotea ndani yake kwa saa chache. Majina yao hayakuingia katika vitabu kama yalivyoingia majina ya Tilman na Shipton, ingawa bila wao hakuna ambaye angefika kwenye theluji.

Wawili hao walipanda milima ya Speke, Baker na Stanley. Kwenye Stanley ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba waliona nyayo katika theluji wakadhani ni za watu wengine, kumbe ni zao wenyewe. Walikuwa wamezunguka na kurudi walikotoka. Ukungu ulipofunguka walifika Margherita, kilele cha mita 5,109 ambacho leo kimekaa juu ya mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Siku ya huzuni Uingereza

Miezi michache baadaye, Aprili 1932, Tilman alikuwa likizo Uingereza. Alikwenda na rafiki wawili kukwea mwamba wa Dow, katika milima midogo ya kaskazini-magharibi ambako watu hutoka asubuhi na kurudi jioni kunywa chai. Waliteleza wakaanguka. Mmoja wa wenzake alipoteza maisha. Tilman aliumia mgongo, lakini alijiburuta hadi kijiji cha Coniston, safari iliyomchukua saa kadhaa, ili kuita msaada.

Mtu aliyepona Batian, Midget na barafu ya Rwenzori alikutana na kifo cha mwenzake kwenye matembezi ya siku moja. Aliambiwa asitarajie kupanda milima tena. Kiangazi cha mwaka huohuo alikwenda kujijaribu katika milima ya Alps, kisha akarudi Kenya.

Dhahabu na baiskeli

Kenya aliyoikuta ilikuwa katika shida. Mdororo wa uchumi duniani ulikuwa umeipiga kahawa. Wakati huo dhahabu iligunduliwa Kakamega na walowezi waliokauka mifuko walikimbilia huko, katika ardhi nyingine iliyokuwa na wenyewe. Tilman naye alichimba na kutafuta, lakini hakutajirika. Mwaka 1933 alirudi Kilimanjaro, safari hii peke yake.

Alipoamua kuondoka Afrika Mashariki, hakutaka kupanda meli Mombasa kama wengine. Alinunua baiskeli kwa takriban pauni 6, akaifunga mzigo mdogo, na kutoka Uganda akaelekea magharibi. Alipita Kongo ya Wabelgiji, akaingia makoloni ya Wafaransa ya Afrika ya Kati, akafika bahari ya Atlantiki katika mji wa Kribi, Kameruni. Ulikuwa mwendo wa karibu maili 3,000, yaani kilomita zipatazo 4,800, kwa takriban miezi miwili. Alilala palipomkuta usiku na kula alichopata sokoni, mara nyingi ndizi.

Anayejua habari za njia hiyo leo, vizuizi vyake na karatasi zake, ataelewa ukubwa wa safari hiyo. Ataelewa pia kwamba Mzungu mmoja juu ya baiskeli alipita kwa urahisi mahali ambapo mwenyeji angeulizwa alikotoka, anakokwenda na kama amelipa kodi.

Mzigo mwepesi

Waliyojifunza Afrika Mashariki, Tilman na Shipton waliyapeleka Himalaya. Siku hizo misafara ya huko iliajiri mamia ya wapagazi na kula fedha nyingi. Wao walishikilia kwamba safari yoyote ya maana inaweza kupangwa nyuma ya bahasha moja. Mwaka 1934 walikaa India miezi mitano pamoja na Masherpa watatu, Angtharkay, Pasang na Kusang, wakatafuta njia ya kuingia bonde la Nanda Devi ambalo lilikuwa limewashinda wote. Gharama za safari nzima hazikufika pauni 300. Vyakula vilikuwa vilevile wanavyokula wenyeji, na kila mmoja alibeba sehemu yake.

Mwaka 1936 Tilman alirudi na wenzake, na Agosti 29 yeye na Noel Odell walisimama juu ya Nanda Devi, mita 7,816. Kwa miaka 14 hakukuwa na kilele kirefu zaidi duniani kilichofikiwa na binadamu. Mwaka 1938 aliongoza msafara mdogo wa Everest. Hali ya hewa iliwarudisha.

Watu walishangazwa na ukaribu wa wawili hao. Walikuwa wameokoana zaidi ya mara moja, lakini Tilman aliendelea kumwita mwenzake kwa jina la ukoo. Inasimuliwa kwamba Shipton alipomwomba amwite Eric, Tilman alikataa. Aliona ni upuuzi mtupu.

Vita ya pili ilimrudisha jeshini. Akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40 alirushwa kwa mwavuli nyuma ya adui, Albania na kisha Italia kaskazini, kupigana pamoja na wapiganaji wa msituni. Mji wa Belluno ulimpa heshima ya uraia.

Umri ulipomzuia kupanda milima mirefu, alinunua mashua ya zamani iitwayo Mischief na kuanza kusafiri kwenye bahari za barafu, Patagonia na Greenland, akitafuta milima ambayo hufikiki isipokuwa kwa maji. Mischief ilizama mwaka 1968. Aliyofuata nayo ilizama. Akanunua ya tatu.

Shipton alifariki Machi 1977. Novemba mwaka huohuo Tilman, akiwa na miaka 79, aliondoka Rio de Janeiro akiwa baharia katika chombo cha vijana waliokuwa wakielekea visiwa vya Falkland na kisha Antaktika kupanda mlima. Chombo hicho hakikuonekana tena.

Katika Mlima Kenya, kambi iliyo chini ya vilele kwenye njia ya Sirimon inaitwa kwa jina la Shipton. Kila msimu wa kiangazi wapagazi na waongozaji kutoka vijiji vya jirani hulala hapo na wageni wao, na asubuhi huwatangulia gizani kuelekea Lenana. Siku hizi majina ya waongozaji hao huandikwa kwenye daftari la lango pamoja na ya wageni.