William Lenthall

William Lenthall (Henley-on-Thames, 1591 – Burford, 1662) alikuwa mwanasheria na mwanasiasa wa Uingereza. Anajulikana hasa kama Spika wa House of Commons, yaani bunge la chini la Uingereza, aliyekataa kumsaidia mfalme Charles I kuwakamata wabunge 5 mwaka 1642.

Maisha ya awali

Lenthall alisoma Oxford, kisha akajifunza sheria huko Lincoln's Inn, London, akawa wakili mwaka 1616. Aliingia bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 1624 kama mbunge wa Woodstock. Uwakili ulimletea mali, na mwaka 1637 alinunua jumba kubwa la Burford.

Kazi ya Spika wakati ule

Katika karne ya 17 Spika alichaguliwa na wabunge, lakini kwa kawaida alikuwa mtu aliyependwa na mfalme. Kazi yake ilikuwa kusimamia mjadala. Mbunge alisimama na kuzungumza na Spika, si na mbunge mwenzake; hakuruhusiwa kumtaja mwenzake kwa jina, wala kusema zaidi ya mara moja juu ya hoja ileile katika siku moja. Taratibu hizo zilisaidia kuzuia hoja zisigeuke ugomvi wa watu wawili.

Shida ilitokea pale bunge na mfalme walipogombana. Tarehe 2 Machi 1629 Spika John Finch alitaka kuahirisha kikao kwa amri ya mfalme. Wabunge, mmojawapo Denzil Holles, walimshika kwa nguvu kitini mpaka maazimio yao yalipopitishwa. Baada ya hapo Charles I alitawala miaka 11 bila bunge.

Spika wa Bunge Refu

Lenthall alichaguliwa kuwa Spika tarehe 3 Novemba 1640, siku lilipofunguliwa lile lililoitwa baadaye Bunge Refu. Vikao vilikuwa virefu na vikali. Mnamo Novemba 1641 wabunge walijadili orodha ya malalamiko dhidi ya utawala wa mfalme hadi usiku wa manane. Ilipitishwa kwa kura 159 dhidi ya 148, na baadhi yao walishika panga zao humo ukumbini.

Tarehe 4 Januari 1642 mfalme alifika Westminster pamoja na watu wenye silaha wapatao 400. Alitaka kuwakamata John Pym, John Hampden, Denzil Holles, Arthur Haselrig na William Strode kwa kosa la uhaini. Aliwaacha askari mlangoni, akaingia na kuomba kiti cha Spika. Watano hao walikuwa wameonywa mapema na kutoroka kwa mashua. Mfalme alipomuuliza wako wapi, Lenthall alipiga magoti na kujibu kwa heshima kwamba mahali pale hakuwa na macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kwa agizo la bunge, ambalo yeye ni mtumishi wake. Mfalme aliondoka mikono mitupu. Siku 6 baadaye alihama London, na mwaka huohuo vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza.

Miaka ya vita na jamhuri

Mnamo Julai 1647 umati ulivamia ukumbi na kumlazimisha Lenthall abaki kitini hadi matakwa yao yapitishwe. Baadaye alikimbilia kwa jeshi, akarudi London chini ya ulinzi wake mwezi Agosti. Aliendelea kuwa Spika hata baada ya mfalme kuuawa mwaka 1649. Tarehe 20 Aprili 1653 Oliver Cromwell alilivunja bunge kwa kutumia askari. Lenthall alikataa kushuka kitini mpaka Thomas Harrison alipomshika mkono. Alikuwa Spika tena mwaka 1654 na 1659.

Ufalme uliporudishwa mwaka 1660, alizuiwa kushika cheo chochote cha umma. Mwaka huo alitoa ushahidi dhidi ya Thomas Scot, mmoja wa waliomhukumu Charles I, kuhusu maneno ambayo Scot aliyasema bungeni. Scot alijitetea kwamba maneno ya bungeni yana kinga, lakini aliuawa. Hivyo Lenthall alifungua kinywa juu ya jambo la aina ileile aliyokataa kumweleza mfalme mwaka 1642. Alifariki Burford mwaka 1662 na kuzikwa huko.

Urithi

Tangu mwaka 1642 hakuna mfalme wala malkia wa Uingereza aliyeingia House of Commons wakati wa kikao. Kila bunge linapofunguliwa rasmi, mjumbe wa mfalme aitwaye Black Rod hufungiwa mlango usoni, naye hubisha mara 3 kabla ya kuruhusiwa kuingia. Cheo cha Spika kilienea katika nchi zilizofuata mfumo huo, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda.