Denys Finch Hatton: Mzungu wa Takaungu aliyejifunza ndege ukubwani

Ukipanda matatu kutoka Mombasa kuja Kilifi, ukishapita Mtwapa na yale mashamba ya katani ya Vipingo, kuna njia inakata kulia kuelekea baharini. Hiyo ndiyo ya Takaungu. Wengi tunaijua kwa ufuo wake na kwa hadithi ya Mazrui, waliohamia hapo baada ya Sayyid Said kuwang'oa Mombasa mwaka 1837. Jambo ambalo huwezi kulisikia kwa urahisi ni kwamba miaka ya 1920 kulikuwa na mzungu mmoja mrefu, mwenye upara tangu ujana, asiyependa kuonekana bila kofia, ambaye alikuwa na kijumba chake hapo karibu na hori, penye magofu na kisima cha watu wa zamani.

Jina lake Denys Finch Hatton. Kama umewahi kutazama Out of Africa, ile filamu ya 1985 iliyozoa tuzo 7 za Oscar, basi umemwona, ila umemwona kwa sura ya Robert Redford na nywele zake zote. Filamu imemfanya mpenzi wa Karen Blixen na basi. Mimi nataka kumzungumzia kama mwanafunzi. Mtu mzima aliyeshika chombo kigeni, akapata leseni, akaanza kubeba watu.

Alizaliwa tarehe 24 Aprili 1887 Uingereza, mtoto wa pili wa kiume wa mwinyi mkubwa, Earl wa Winchilsea. Akasoma Eton, kisha Oxford. Kwa maneno mengine, alizaliwa na kijiko cha dhahabu, lakini kwa desturi zao cheo na mashamba humwendea kaka mkubwa. Wadogo hutafuta maisha kwingine. Kwingine kwake ikawa huku kwetu, kuanzia 1911 hivi, wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa inawagawia wazungu ardhi ambayo tayari ilikuwa na wenyewe. Tusilipite hilo kimyakimya.

Vita vya Kwanza vilipokuja alipigana Afrika Mashariki na akapata nishani ya Military Cross. Baada ya vita akafanya biashara hii na ile, halafu katikati ya miaka ya 1920 akawa mwindaji wa kulipwa: anapeleka matajiri porini, wanaua simba na ndovu, wanapiga picha, wanarudi kwao. Mwaka 1928 na tena 1930 mteja wake alikuwa Edward, mrithi wa kiti cha enzi cha Uingereza. Hapo ujue jamaa alikuwa amefika juu kabisa katika kazi yake.

Walioandika juu yake wanakubaliana jambo moja: kila kitu kilimjia rahisi. Michezo, lugha, muziki, bunduki, watu. Alipoingia chumbani watu waligeuka. Na kuna kitu kizuri alikifanya ambacho filamu haina nafasi nacho. Aliandika magazetini London akipinga tabia ya watalii kuwafukuza simba wa Serengeti kwa magari na kuwapiga risasi wakiwa wameketi kwenye viti. Kumbe mwindaji mwenyewe alianza kuona kwamba kamera inatosha.

Ndege aliishika kwa dhati akiwa ameshapita miaka 40. Mwaka 1930 alinunua Gipsy Moth, iliyosajiliwa G-ABAK, ikaja kwa meli hadi Mombasa.

Hebu nikueleze hiyo ndege, kwa sababu ukisikia ndege unawaza zile zinazotua Malindi na watalii. Sahau. Moth ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, yaliyofunikwa kwa kitambaa. Injini moja mbele yenye nguvu za farasi 100 hivi. Viti viwili tu, kimoja mbele ya kingine, vyote wazi, upepo unakupiga usoni kama uko juu ya boda. Rubani hukaa nyuma, abiria mbele. Kuiwasha, mtu husimama chini na kuizungusha propela kwa mkono. Breki hamna. Watu wengi sana duniani walijifunzia urubani kwenye Moth, kwa sababu ilikuwa rahisi na haikuwa na hasira. Lakini chombo kisicho na hasira kina hatari yake, maana kinakupa kiburi mapema.

Kitu cha kwanza ambacho mwalimu wa ndege humtia mwanafunzi kichwani ni hiki. Ndege haishikiliwi hewani na injini. Inashikiliwa na mabawa, na mabawa hufanya kazi pale tu hewa inapopita juu yake ikiwa imetulia na ina kasi ya kutosha. Ukiinua pua kupita kiasi, hewa inaachana na bawa. Injini bado inaunguruma, kila kitu kinasikika sawa, lakini hakuna tena kinachokubeba. Unaanguka. Dawa yake ni kinyume na moyo wa binadamu: unashusha pua kuelekea kule kule unakoogopa, upate kasi, ndipo unyanyuke tena. Ukiwa juu sana ni zoezi tu. Ukiwa karibu na ardhi, nafasi ya kufanya hivyo haipo.

Na kona ndiyo mtego. Ndege ikilala kwenye kona, bawa linabeba zaidi ya uzito wa kawaida. Ikilala nyuzi 60 bila kushuka, uzito unakuwa maradufu, na ile kasi ya chini inayokutosha ukienda moja kwa moja haikutoshi tena. Ongeza joto, maana hewa ya moto ni nyepesi na bawa linapata kidogo cha kushika. Ndiyo maana mwanafunzi hukatazwa kukata kona kali akiwa chini, hasa pale mtu anapotaka kuangalia kitu au kuwaaga waliobaki. Wale wa boda mtanielewa: kona ya mchanga, mshikaki nyuma, na unageuza shingo kusalimia stejini.

Sasa turudi kwa Denys. Wazo lake lilikuwa jipya kwa wakati ule: kuwatafuta ndovu kutoka angani, ili msafara wa chini usitembee siku nyingi bila kuona kitu. Mei 1931 akaamua kwenda kujaribu huko Voi, akipitia kwanza nyumbani kwake Takaungu.

Karen alitaka kwenda naye. Yeye mwenyewe ameandika kwamba Denys alikubali, halafu akabadili mawazo. Safari ya Voi ingekuwa ngumu, huenda wangelala porini, kwa hiyo alihitaji mtumishi badala yake. Beryl Markham, kijana wa kizungu aliyekulia Njoro na kufundisha farasi wa mashindano, naye alialikwa. Rafiki yake rubani, Tom Campbell Black, akamwomba asiende siku hiyo. Hakuwa na sababu ya kueleweka, alikuwa na wasiwasi tu. Beryl akabaki.

Denys akashuka pwani. Alipotua Vipingo, kipande cha tumbawe kikagonga propela na kuimega. Mtu wetu yeyote wa huku angemwambia kwamba ardhi yetu ina meno chini ya majani. Ikabidi apige simu ya maandishi Nairobi aletewe kipuri, na kampuni ya ndege ikamtuma kijana Mwafrika kukileta. Propela ikatengenezwa. Denys akamwambia yule kijana apande, warudi pamoja kwa ndege.

Kijana akakataa.

Hapa ndipo hadithi hii inaponishika. Karen anaeleza kwamba kijana huyo hakuwa mwoga wa ndege. Alishapanda nyingi, na na Denys pia alishawahi kupanda. Siku hiyo hakutaka, na baadaye alisema hata kwa pesa nyingi asingepanda. Jina lake halikuandikwa. Karen analisimulia kama ndoto mbaya, kama kwamba kivuli cha kifo kilikuwa kimeshamfunika Denys na Waafrika walikiona. Mimi naona maelezo ya kawaida zaidi. Kijana alikuwa anafanya kazi na ndege. Alikuwa ameletewa kazi ya propela iliyomegwa na jiwe wakati wa kutua. Alijua rubani hajamaliza hata mwaka na chombo chake katika anga ya Kenya. Akapiga hesabu. Na alikuwa mwajiriwa wa kampuni, si wa Denys, kwa hiyo alikuwa na mahali pa kusimama akisema hapana.

Aliyepanda ni Kamau. Huyu alikuwa mtumishi wa Denys, Mkikuyu, na karibu hakuna kingine tunachoambiwa juu yake. Wengine wote walipata nafasi ya kubaki: mmoja alikatazwa kwa kuhurumiwa, mmoja aliombwa na rafiki, mmoja alikataa mwenyewe. Kamau alikuwa kazini. Mtumishi wa mwaka 1931 angemwambiaje bwana mkubwa kwamba leo sipandi?

Walilala Voi. Asubuhi ya tarehe 14 Mei ndege ikapaa, ikazunguka uwanja mara mbili, kisha ikapoteza kubebwa na kuanguka kwa pua. Ikalipuka moto. Wote wawili wakafa papo hapo. Denys alikuwa na miaka 44. Moto uliacha kidogo sana cha kuchunguza, lakini ukisoma tena ile sehemu ya bawa na kona utaona kwa nini marubani wakisikia maneno ya mzunguko wa chini na kuanguka kwa pua hawaulizi maswali mengi.

Kuna wanaosema alikuwa na bahati mbaya, rubani hodari aliyeponzwa na chombo. Sikubaliani nao sana. Hodari kwa bunduki si hodari kwa ndege. Porini alikuwa na miaka 20 ya mazoea. Angani alikuwa mgeni, na mgeni mwenye sifa nyingi hakosolewi na mtu. Nani angemwambia Denys Finch Hatton arudi kwa mwalimu akarudie zoezi la kona?

Beryl ndiye aliyefanya tofauti. Mwaka huohuo wa 1931 alikuwa mwanafunzi wa Tom Campbell Black huko Nairobi, kwenye Moth vilevile, na hakuishia kwenye leseni ya kwanza. Aliendelea na masomo hadi 1933 akapata leseni ya kubeba watu kwa malipo, na kazi aliyoifanya ni ileile aliyoiota Denys, kuwatafuta ndovu kwa wawindaji kutoka juu. Septemba 1936 akavuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi, saa 21 na zaidi angani, gizani muda mrefu. Karibu na mwisho mafuta yakakatika kwa sababu ya barafu. Akaishusha ndege kwenye bwawa la matope huko Nova Scotia, Kanada, akatoka na jeraha la kichwa. Alikufa Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, mzee wa miaka 83.

Mwalimu wake Tom, yule mwenye wasiwasi, hakuwa na bahati hiyo. Wiki mbili tu baada ya safari ya Beryl, akiwa ardhini uwanjani Liverpool ndani ya ndege yake, ndege ya jeshi iliyokuwa inatua ilimgonga. Akafa.

Denys walimzika kwenye vilima vya Ngong, mahali alipopachagua akiwa hai. Kaka yake akasimamisha nguzo ya mawe hapo, na kwenye nguzo hiyo limeandikwa jina lake peke yake.