Daktari aliyetia ‘nyama’ ya njugu kwenye mkebe

UKITAJA jina Kellogg, wengi wetu tunaona boksi la konifleksi kwenye rafu ya supamaketi. Kumbe nyuma ya boksi hilo kulikuwa na ndugu wawili waliopelekana kortini kwa miaka. Mdogo ndiye mwenye konifleksi. Mkubwa alikuwa daktari, na kabla ya vita hivyo kuanza alikuwa ameshauza kitu kingine: “nyama” isiyotoka kwa mnyama yeyote, iliyopikwa tayari ndani ya mkebe.

Huyo ni John Harvey Kellogg. Alizaliwa Februari 26, 1852, katika jimbo la Michigan, Marekani. Babake alikuwa na kiwanda cha mifagio katika mji wa Battle Creek. Wazazi wake walikuwa Waadventista Wasabato, na waliamini Yesu yuko njiani kurudi, sasa masomo ya miaka mingi yalikuwa ya nini? Kijana akaacha shule mapema, akawa anatengeneza mifagio na babake.

Alipofika umri wa miaka 12, James White, mmoja wa viongozi wa kanisa, alimpa kazi katika kiwanda cha kuchapisha. Huko ndiko alikosomea, ukitaka kusema hivyo. Makala za afya zilipita mikononi mwake kabla hazijachapishwa: acha nyama, acha tumbaku na pombe, kunywa maji, lala penye hewa safi. Maneno hayo yalimwingia kabisa, na angali kijana akaacha kula nyama.

Familia ya White ikamsaidia kwenda kusomea udaktari, akahitimu katika chuo cha Bellevue, New York, mwaka 1875. Maisha ya mwanafunzi mnayajua. Hakuwa na jiko wala mtu wa kumpikia, na kwa vile alivyosimulia baadaye, aliishi kwa biskuti ngumu za ngano na matofaa. Ndipo akaanza kuwaza: mbona chakula kisicho na nyama kisipikwe mapema, mtu akitaka kula afungue tu ale?

Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 24, kanisa lilimkabidhi kituo chake kidogo cha matibabu pale Battle Creek. Akakibadilisha jina kikawa Battle Creek Sanitarium, na kikakua hadi kikawa hospitali na hoteli kwa pamoja. Wagonjwa walioga maji ya moto na ya baridi, walifanya mazoezi, na hawakuonja nyama. Sojourner Truth, yule mama aliyepigania uhuru wa Waafrika-Wamarekani, alitibiwa hapo. Baadaye walikuja matajiri na mastaa wa enzi hizo kama Henry Ford na Amelia Earhart.

Sasa shida ikaanza. Hawa ni watu waliozoea nyama asubuhi, mchana na jioni. Unawawekea nafaka iliyochemshwa, haina chumvi, haina viungo, na unawaambia ati ni dawa. Walinung’unika. Daktari alijua sana kukataza, lakini kukataza hakumfanyi mtu amalize sahani.

Aliyeokoa jahazi ni mkewe, na jina lake halitajwi vya kutosha. Ella Eaton alihitimu chuo kikuu cha Alfred, New York, akiwa na miaka 19, jambo ambalo kwa msichana wa mwaka 1872 halikuwa mchezo. Alifika Battle Creek mwaka 1876 akimtembelea jamaa, akakuta homa ya tumbo imeshika watu, akabaki kuwauguza. Mwaka 1879 akaolewa na daktari. Hawakupata mtoto wa kuzaa, ila walilea watoto zaidi ya 40.

Mnamo 1883, Ella alifungua jiko la majaribio hapo hospitalini. Alipika, akaonja, akatupa, akapika tena, na kila alichoweka ama kubadilisha alikiandika. Mwaka 1892 alitoa kitabu kinene cha mapishi, Science in the Kitchen. Hoja yake ilikuwa rahisi: chakula cha mgonjwa lazima kimvutie, la sivyo hatakula, na asipokula hatapona. Daktari alipata sifa zote, lakini meza ile iliandaliwa na Ella.

Katika jikoni za Battle Creek, njugu karanga zikapata kazi mpya. Mwaka 1895 Kellogg aliomba haki ya uvumbuzi wa kusaga njugu zilizochemshwa ziwe kama siagi. Mwaka uliofuata wakatoa Nuttose. Njugu zilisagwa, zikachanganywa na maji, zikatiwa kwenye mkebe, ukafungwa kabisa, kisha ukapikwa kwa mvuke kwa saa kadhaa. Ukiufungua unapata kitu kigumu kiasi, kama jibini, kinachokatika vipande kwa kisu.

Lakini njugu peke yake haitafuniki kama nyama. Jibu lilikuwa kwenye ngano. Hili unaweza kulijaribu kwako: kanda unga wa ngano kama wa chapati, uache donge litulie, kisha ulioshe ndani ya maji ukilifinya polepole. Maji yatageuka meupe kwa sababu wanga unatoka. Mwishowe utabaki na kitu cha kijivu kinachovutika kama mpira. Hiyo ni gluteni, protini ya ngano. Wabuddha wa Uchina walikuwa wakiipika badala ya nyama karne nyingi kabla Kellogg hajazaliwa. Yeye aliichanganya na njugu, akaipika ndani ya mkebe, akaiita Protose. Mwaka 1901 serikali ya Marekani ikampa hati ya uvumbuzi wa chakula cha aina hiyo.

Kupika Protose hakukuhitaji ufundi mwingi. Ndani ya mkebe ilikuwa imeshaiva, sasa kuichemsha muda mrefu ni kupoteza makaa tu. Ilichohitaji ni rangi na ladha. Uliitoa ikiwa nzima, ukaikata vipande, ukaipaka mafuta, ukaioka hadi ikawa ya kahawia. Ama uliiweka kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu, ama uliiponda ukaitia katikati ya mkate. Mpishi wa leo wa nyama ya soya anajua siri ileile: haina ladha yake, inabeba ladha ya ulichoipikia. Usipoikaanga kwanza ikashika rangi, na usipoipa viungo, usilaumu soya.

Mkebe ulikuwa na faida nyingine. Mgonjwa aliyepona na kurudi kwao angeweza kuagiza mikebe kwa posta, ikafika bila kuharibika. Chakula cha hospitali kikatoka hospitalini.

Biashara hiyo iliendeshwa na mdogo wake, Will Keith, aliyefanya kazi chini ya kakake kwa karibu miaka 25, mshahara mdogo na heshima ndogo zaidi. Ndugu hao waligundua pamoja ngano ya vipande mwaka 1894, baada ya ngano iliyopikwa kuachwa ikae kabla ya kupitishwa kwenye mashine ya kuisaga bapa. Will aliona pesa. Alitaka kuongeza sukari, kutangaza na kuuzia kila mtu. Daktari akakataa katakata: kwake sukari ilikuwa adui. Mwaka 1906 Will akaanzisha kampuni yake. Wakapelekana kortini kugombea jina la familia, na mwaka 1920 mahakama ya juu ya Michigan ikaamua Will ndiye mshindi. Mwaka huohuo Ella akafariki.

Na kanisani pia mambo yaliharibika. Moto uliteketeza Sanitarium mwaka 1902. Daktari akajenga upya, jengo kubwa zaidi, huku akivutana na viongozi kuhusu mafundisho na nani mwenye usemi. Mwaka 1907 akafutwa ushirika. Wakati anasukumwa nje, kanisa hilo lilikuwa limeshaingia kwetu: mwaka 1906 wamishonari Arthur Carscallen na Peter Nyambo walifika Gendia, karibu na Ziwa Victoria. Kwa hivyo ukialikwa kwa Msabato leo ukapakuliwa soya badala ya nyama, mafundisho ya afya unayoyaona mezani yana historia moja na yale aliyoyasoma kijana yule wa mifagio.

Tungeishia hapo tungekuwa na hadithi tamu. Lakini kuna upande mchungu, na ni haki uujue. Kellogg aliamini yujeniki, ile fikra kwamba binadamu wanafaa kuchaguliwa kama mifugo, “walio bora” wazae na “dhaifu” wazuiwe. Alianzisha wakfu wa kueneza mawazo hayo, na mwaka 1914 mkutano wake wa kitaifa ulifanyika palepale Battle Creek. Alipinga watu wa rangi tofauti kuoana na aliunga mkono kuwafunga uzazi wale walioitwa wasiofaa. Haya hayakuwa maneno matupu. Makumi ya maelfu ya Wamarekani, wengi wao maskini, wagonjwa wa akili na watu wa rangi, walifungwa uzazi bila hiari chini ya sheria zilizotokana na fikra hizo.

Unajiuliza, mtu huyohuyo aliyemwonea huruma ng’ombe alikosaje kumwonea binadamu mwenzake? Labda kosa lilianzia palepale penye nguvu yake: aliamini kwamba mwili ukilishwa sawasawa unakuwa safi, kisha akaanza kupanga watu kwa usafi. Tukimpa sifa kwa njugu, tusimfichie hilo.

Uzeeni aligeukia soya, akatengeneza maziwa yake, na aliendelea kuvaa suti nyeupe kuanzia kichwani hadi viatuni. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ukaitia Sanitarium madeni, na mwaka 1942 jengo kubwa likauziwa jeshi la Marekani. Inasimuliwa kwamba karibu na mwisho alimwandikia Will barua ya kuomba msamaha, ila haikutumwa, na Will aliipata mwandishi akiwa ameshazikwa. John Harvey Kellogg alifariki Desemba 14, 1943, akiwa na miaka 91.

Vile vipande vya soya vilivyokauka tunavyoloweka leo vilikuja baadaye, miaka ya 1960, kwa mashine ambazo hakuziona. Lakini kazi iliyobaki jikoni ni ileile ya Ella. Kijana anayetaka kupunguza nyama, iwe kwa afya ama kwa sababu bei imempita, hatasaidiwa na mahubiri. Mpe kitunguu kilichoiva vizuri, nyanya, dania, kitunguu saumu na moto wa kutosha. Akimaliza sahani na kuomba nyingine, hapo umemshawishi.