Siti binti Saad: Muuza vyungu wa Fumba

Najua wapo watakaoniuliza, gazeti la Waislamu lina habari gani na mwimbaji wa taarabu? Hukumu ya muziki katika Uislamu ina wenyewe, nao ni masheikh wetu, na wameizungumza sana. Mimi hapa naandika historia, na katika historia ya Waislamu wa mwambao huu huwezi kuandika habari za masultani na makadhi, ukamruka Siti binti Saad, ukadhani umemaliza.

Alizaliwa Fumba, Unguja, kiasi cha mwaka 1880. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa. Hilo la Siti, lenye maana ya bibi wa heshima, lilimjia baadaye. Msomaji asilipite haraka jina lile la kwanza. Wazazi wake asili yao ilikuwa bara, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, na hadhi ya utumwa Unguja haikufutwa kisheria mpaka mwaka 1897. Binti huyu basi alikulia katika jamii ambayo watu wote walielekea kibla kimoja, lakini wakishatoka msikitini kila mmoja alijua nani muungwana na nani mtwana. Jambo hili sisi Waislamu hatupendi kulisema kwa kuwa wasiotutakia mema wamelitumia sana kutupiga nalo. Lakini kulinyamazia hakulifuti.

Umasikini wa kwao ulimnyima hata chuo cha Qur'an. Kazi aliyoijua ni vyungu vya udongo, akavitembeza kuviuza. Mwaka 1911 akahamia mjini, na huko mwanamuziki mmoja wa vikundi vya taarabu akaisikia sauti yake, akamfundisha kuimba, kupiga ala na lugha ya Kiarabu.

Taarabu wakati ule haikuwa ya watu wa aina yake. Ilikuwa starehe ya jumba la Sultani, tangu Seyyid Barghash alipomtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza ganuni. Mwaka 1905 kikaanzishwa kikundi cha Ikhwani Safaa, nacho kilikuwa cha wanaume, na nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Siti akaja na Kiswahili. Akiwa na wenzake kina Subeti Ambari, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban, aliimba katika majumba ya wakubwa, naye amejifunika ushungi wake, kisha akirudi Ng'ambo kwa watu wake akawaimbia wao. Hapo ndipo nyimbo zilipotungwa, watu wamekaa pamoja wakizungumza yaliyotokea mtaani na mahakamani.

Wenye wivu hawakukosa. Walimtungia nyimbo za kumsimanga kwamba si mzuri wa sura, na kwamba jana tu alikuwa shamba na vyungu vyake. Hakuwarudishia matusi. Aliwajibu kwa wimbo kwamba sura si hoja wala nasaba si hoja, kinachotazamwa ni akili. Ukiwafikiria waliokuwa wakimsikiliza, wengi wao watoto wa waliokuwa watumwa, utaelewa kwa nini wimbo ule haukuwa mchezo.

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya HMV ikamchukua yeye na wenzake mpaka Bombay, India, kurekodi. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyemtangulia katika hilo. Santuri zake zikapigwa kila palipokuwa na gramafoni pwani hii, na nyingine zikafika bara. Mwaka huo huo wa 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Sisemi kwamba nyimbo ndizo zilizoleta mgomo, lakini watu walikuwa ni wale wale.

Nyimbo zenyewe hazikuwa za mapenzi matupu. Upo ule wa Kijiti, mtu aliyemuua mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, kisha akavuka bahari kukimbilia Tanganyika. Mahakama ya Mwingereza ikawafunga wanawake waliokuja kutoa ushahidi, kwa kosa la pombe, na muuaji akawa nje. Gazeti gani la wakati ule lingeliandika jambo hilo kwa uchungu wa wale wanawake? Siti aliliimba, na mpaka leo kesi ile inakumbukwa kwa wimbo wake. Aliimba pia kuhusu wasomi wa serikali walioiba fedha za umma wakaishia jela.

Sheikh Shaaban Robert, ambaye hakuwa mtu wa kuandika habari za mtu ovyo, alikutana naye katika siku zake za mwisho akamuuliza maisha yake, ndipo tukapata kile kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Mwenyezi Mungu amrehemu. Wanahabari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao, walilipa jina la Sauti ya Siti.